Inkuba Bila Mimi

Jumamosi, 5 Mei 2018

Nimerudi mazoezini sina sauti, sina mgongo, na nina furaha tele! Bendi yetu, Inkuba, tunarekodi nyimbo mpya. Siyo zile za mwaka sabini na nne tulizoitiwa Ulaya mwaka jana. Mpya kabisa. Zangu.

Kule Ulaya walitupigia makofi kama watu wanaomsifia marehemu. Kila jioni nyimbo zilezile, na vijana wenye ndevu wanaimba Kibemba wasichokijua, machozi yanawatoka. Nilifurahi, nisiseme uongo. Zebron Jere, mpiga besi wetu, alikuwa anaimba pamoja nami kila ubeti, hata pale ambapo zamani nilikuwa peke yangu. Nikasema huyu bwana kweli amenikumbuka. Lakini siku ya tatu nilitaka kushuka jukwaani niwaulize wale vijana — mnajua kwamba bado niko hai? Kwamba jana nimetunga kitu ndani ya basi?

Zebron hakuwa na haraka na albamu mpya. "Watu wananunua ujana wetu. Uzee wetu nani atautaka?" Langson ameinua mabega tu, ndivyo alivyo, maneno yake yote yako kwenye ngoma. Nimewasumbua tangu Desemba. Mimi siyo sanamu ya makumbusho! Leo wamekubali. Studio Jumanne.

Mke wangu, Mama Chisenga, amepika dagaa wa kapenta na mboga za karanga. Nilipompa habari akasema vizuri, akageuka kukoroga sufuria. Wanawake! Habari kubwa hivi, yeye anakoroga ugali wa nshima.

Jumanne, 8 Mei

Studio iko Parklands, hapa Kitwe, nyuma ya duka la betri za magari. Tuko watatu tu tuliobaki. Wenzetu wawili tuliwazika zamani, ile miaka ambayo Kitwe nzima ilikuwa inazika.

Zebron alinipokea mlangoni: "Mla nyani umefika! Nilidhani umepanda mti umekataa kushuka." Nikamwambia mla panya afunge mdomo, mkia bado unaning'inia. Fundi mitambo akadhani tunagombana, maskini, mtoto wa Lusaka. Zebron ni Mngoni, mimi Mbemba. Mababu zetu walichinjana, sasa wajukuu ni watani, tunatukanana, na hakuna ruhusa ya kukasirika; anayekasirika analipa faini ya kuku. Anaweza kunitukana mbele ya mke wangu, mbele ya mchungaji, mbele ya jeneza la mama yangu — na mbele ya jeneza la mama yangu alinitukana kweli, nikacheka, na ndicho kitu pekee nilichoshukuru siku ile.

Tumeanza na "Mvua ya Juni". Mtu anatoa ndoo nje mwezi wa Juni, hakuna hata wingu, majirani wanamcheka, yeye anatoa tu. Nilifumba macho nikauimba wote, mwanzo mpaka mwisho. Nilipofumbua, fundi anaangalia vitufe vyake, Langson anaangalia viatu vyake. Kimya. Nikajua nimewagusa.

Zebron akakata kile kimya: "Mtani, wewe na wimbo mmegombania nini? Wimbo unapita huku, wewe unapita ng'ambo ya barabara! Tukutoe, tumweke Chisenga. Angalau tutapata sura ya kutazama."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Chisenga ni binti yangu, anaongoza kwaya kanisani kwao, na sura kweli amechukua ya mama yake. Nikamjibu, mweke basi, lakini mahari utalipa wewe. Langson hakucheka. Huyu naye siku hizi amezidi ukimya.

Jumatano, 16 Mei

Tunarudia, tunarudia. "Tena kidogo, mzee." Tena kidogo, tena kidogo! Miaka ile tulirekodi sahani nzima ya santuri asubuhi moja, mchana tukaenda kunywa.

Zile spika za masikioni ni mbovu. Upande mmoja unaimba chini. Fundi amenibadilishia mara mbili, nazo ni mbovu vilevile. Zebron akasema nivue tu, masikio ya Wabemba yaliumbwa ya kusikilizia nyuki. Halafu: "Ukifa nitakuzika kwenye gunia la mahindi. Jeneza nitampa gitaa wako, yeye ndiye bado anaujua wimbo." Mshenzi yule! Nimecheka njia nzima mpaka nyumbani.

Ijumaa, 25 Mei

Tumemaliza. Nyimbo tisa. Langson amenishika mkono muda mrefu.

Jumapili, 27 Mei

Sijui niandikeje.

Wamekuja baada ya kanisa, wote wawili. Zebron amevaa koti, amebeba trei ya mayai. Koti! Mtu niliyemjua akiwa na suruali pana kama sketi na viatu virefu vya kuvunjia shingo. Chisenga alikuwepo, akatuletea chai.

"Mzee Kabaso," akaanza. "Tumefikiri sana, mimi na Langson. Kazi hii tuiache kabatini. Jina letu ni zuri lilivyo. Watu wakumbuke Inkuba ile. Tukitoa hizi mpya tutaliharibu."

Nilibishana. Nilisema yote. Kwamba sisi hatukuzaliwa tukiwa wazuri, tulikuwa vijana wa mgodini wenye kelele, tukatoa sahani ya kwanza mbaya, ya pili mbaya, ndipo tukapata. Kwamba mtu anayemkataza mzee asitoe wimbo mpya anamwambia akae chini angoje kufa. Kwamba nyimbo hizi ni bora kuliko zote nilizowahi kutunga, na wao wanajua! Zebron akasema, ni kweli, Mzee Kabaso, nyimbo ni nzuri. Lakini.

Nikamgeukia Langson. Akasema, "Tusitoe."

Nikamgeukia Chisenga, sijui kwa nini, yeye siyo Inkuba. Akasema, "Waachie tu, Baba," akatoka na vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Sheria yetu ni ya tangu siku ya kwanza: wengi wakikubaliana, aliyebaki ananyamaza. Mimi mwenyewe niliiweka. Basi nimenyamaza. Nimewapa mkono. Nimewasindikiza mpaka getini.

Jambo moja. Zebron hakunitania hata mara moja. Saa nzima, Mzee Kabaso, Mzee Kabaso. Nikamhurumia, nikasema ameumia kuliko mimi.

Jumapili, 3 Juni

Baridi. Sijagusa gitaa. Mama Chisenga anasema nipunguze sauti ya televisheni, majirani wanajua habari zote kabla hatujazijua sisi.

Alhamisi, 14 Juni

Nimekaa hapa muda mrefu, lakini lazima niandike la sivyo nitavunja kitu.

Asubuhi nilikwenda soko la Chisokone kununua mkaa. Yule mama wa mkaa ana redio kaichomeka kati ya magunia. Ninachagua gunia, sina habari. Mtangazaji anapiga kelele: kitu kipya, wapenzi wasikilizaji, baada ya miaka arobaini, Inkuba!

Nikadhani amekosea, amechukua ya zamani. Halafu besi ya Zebron ikaingia. Mimi naijua besi ile kama ninavyojua kikohozi cha mke wangu. Ngoma za Langson. Gitaa langu! Vidole vyangu! Halafu sauti ya mwanamke:

*Natoa ndoo yangu nje, cheka jirani, cheka,
Wingu litakalokuja halijui miezi.*

Maneno yangu. Wimbo wangu. Mdomo wa mwanangu.

Nilisimama na gunia mkononi. Mama wa mkaa akaniuliza, "Babu, unaumwa?" Nikamwambia wimbo ule ni wangu. Akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Na mimi ni wangu, babu. Tangu juzi wakiupiga nalia, sijui nalia nini." Akanipunguzia bei. Mkaa nimeusahau palepale.

Kabatini! Tuiache kabatini! Na mimi nimewapa mkono, mjinga mimi, nimewasindikiza mpaka getini, nikamwambia Zebron achunge ngazi, magoti yake.

Nilipoingia nyumbani, Mama Chisenga aliniangalia usoni mara moja akakaa chini. Hakuuliza nini. Ndipo nikajua kwamba naye alijua. Mke wangu! Tumelala kitanda kimoja wiki zote hizi, ananifunika blanketi, na anajua.

Nikapiga kelele. Nilisema mengi, mengine siyaandiki. Mwisho nikasema, na hata wizi wenyewe hawauwezi! Mtoto anaimba nje ya wimbo, amekaa chini kabisa, na wao wamemwacha hivyohivyo mpaka redioni! Kama mnanitupa, nitupeni kwa mtu anayejua kuimba!

Akajibu polepole, kama anavyosema na wagonjwa:

"Baba Chisenga. Mtoto yuko sawa. Wewe ndiye hauko sawa."

"Siko sawa wapi?"

"Masikioni. Unaimba nje. Siku nyingi sasa."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ulaya."

"Na kule Ulaya?"

"Kule Ulaya Zebron alikuwa anaimba juu yako, ili wasikusikie."

Sijala. Chakula kiko mezani kimefunikwa.

Ijumaa, 15 Juni

Amedanganya, nilisema. Wote wamepanga.

Nimechukua gitaa, nikapiga waya mmoja, ule wa tatu, peke yake. Nikaziba sikio la kulia. Nikapiga. Nikaziba la kushoto. Nikapiga.

Noti mbili tofauti.

Nimepiga tena. Tena. Nimehamia chumbani, nimerudi sebuleni. Waya ni uleule. Sauti mbili, moja juu, moja chini kidogo, na sijui ipi ndiyo yenyewe. Maisha yangu yote nimesimama na spika kubwa ubavuni, nikijisifu kwamba inanipa nguvu.

Basi ni kweli. Lakini kweli hiyo haiwapunguzii kosa lao hata robo! Waliniona. Mwaka mzima walikuwa wananiangalia ninavyoimba, nimefumba macho, nimejaa raha, na wao wanaangalia viatu. Bora wangeniibia. Aliyeibiwa hachekwi.

Jumapili, 17 Juni

Chisenga amekuja na nguo za kwaya mwilini. Alipiga magoti kunisalimia, kama alipokuwa mdogo. Nikamwambia ainuke, kiti kipo.

Wamemrekodi siku zilezile, mimi nikitoka wao wanamwita. Kumbe lile la Zebron la sura ya kutazama! Nikamwuliza, ulipopita mlangoni kwa fundi, kiti changu kilikuwa bado kina joto? Akalia. Sikumbembeleza.

"Nilitaka kukuambia, Baba."

"Ulizuiwa na nani?"

"Ningekuambiaje? Wewe ndiye uliyenifundisha kuimba. Nije nikuambie, Baba, umepotea njia?"

"Ndiyo! Hivyohivyo! Kwa maneno hayohayo!"

Anasema walikuwa wanatafuta siku nzuri ya kunieleza. Siku nzuri! Wameitafuta sana, mpaka redio ikawatangulia. Uzinduzi ni Jumamosi ijayo, ukumbi wa zamani wa mgodi, Nkana. Mbele ya watu wataitoa albamu nzima. Jina langu liko la kwanza kwenye jalada, anasema, mtunzi, mpiga gitaa. Mwimbaji ni yeye.

Kisha akafuta uso akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Nimewaambia, Baba akisema isitoke, haitoki. Mimi nitakataa kupanda jukwaani. Mjomba Zebron amekubali."

Yaani sasa ni mimi. Tangu Desemba niliwabembeleza tutoe nyimbo mpya, wao wanakataa. Leo wao wanataka kutoa na mimi ndiye mwenye ufunguo.

Nikasema isitoke.

Akaitika. "Ndiyo, Baba." Hakubishana hata neno. Ningependa angebishana. Mama yake alimsindikiza, wakasimama getini muda mrefu, migongo imenielekea.

Jumatano, 20 Juni

Langson. Peke yake, kwa miguu kutoka mtaa wa Chamboli, na baridi hii.

Amekaa, amepewa chai. Nilikusudia nisimsaidie kuanza. Akaanza mwenyewe, akasema maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akisema tangu tuvae kaptura:

"Kabaso, mimi nakaa nyuma. Tangu ujana wetu nauona mgongo wako. Mgongo wako ukisimama najua unaridhika. Mwaka jana kule Ulaya ulikuwa umesimama kuliko siku zote. Nikashindwa. Mdomo wa kukuambia sina."

Nikamwambia hiyo ni hadithi nzuri, aiweke kwenye jalada.

Akasema, "Sawa. Nina swali moja. Ulikuwa unataka nyimbo zitoke, au ulikuwa unataka utoke wewe?"

Nilimfukuza! Langson Sichilima, mwenzangu wa kulala chini kwenye vituo vya basi, nimemnyooshea mlango. Chai hakuimaliza. Akavaa kofia akasema swali halina haraka, akaondoka.

Jioni nimekuwa nikizunguka sebuleni. Hakuna jibu la swali lile ambalo halinitii aibu. Kwa hiyo nimekataa kulijibu, nimefikiria jambo lingine. Nimewapanga wote niliowakasirikia, kila mmoja na sababu yake ya kunificha. Mke wangu, heshima. Binti yangu, heshima. Langson, huruma. Fundi, "tena kidogo, mzee." Wote waliniheshimu mpaka wakanizika.

Na Zebron? Huyu aliniambia! Siku ya kwanza, mbele ya watu, kwa sauti kubwa: wimbo unapita huku, wewe ng'ambo ya barabara. Tukutoe tumweke Chisenga. Alisema mpango wote! Akarudia na wiki iliyofuata. Nami nikacheka, kwa sababu mtani akisema unacheka, nani atamsikiliza mtani kama anasikiliza daktari? Ukweli wote alinipa kwa matusi. Uongo ndio aliouvalia koti, akauletea mayai, akauita Mzee Kabaso.

Sijui kama hilo linanipa nafuu au linanichoma zaidi. Linanichoma zaidi. Alijua kwamba nitacheka. Alisema ili awe amesema.

Ijumaa, 22 Juni

Redio wameupiga mara mbili leo. Ya pili sikuizima. Nilisikiliza kwa sikio la kulia tu, mto umeziba la pili. Ubeti wa mwisho Chisenga anauvuta taratibu, anachelewa, ngoma zinamngoja. Mimi sikuuimba hivyo. Mimi niliukimbiza.

Sijasema ni mzuri.

Jumamosi, 23 Juni

Saa nane mchana. Uzinduzi saa kumi. Hakuna aliyeniuliza tena. Mama Chisenga amevaa kitenge kipya tangu asubuhi, amekaa jikoni amevaa hivyo, anachambua maharage ambayo hatutapika leo. Chisenga amekuja, yuko chumba cha nyuma. Hajavaa ya jukwaani. Nguo iko kwenye mfuko, nimeiona kando ya mlango.

Saa nane na nusu. Gari limesimama nje. Sauti ya Zebron:

"Mla nyani! Toka! Nimesikia umenikasirikia! Mbemba amemkasirikia Mngoni — nani amewahi kuona? Faini yangu iko wapi? Nataka kuku! Jogoo, siyo yule tetea wenu anayekufa!"

Majirani wametoka. Watoto wanacheka. Mzee wa nyumba ya pili amepaza sauti, Kabaso lipa, sheria ni sheria!

Nimekaa.

"Umeziba masikio? Usijisumbue, hata bila kuziba husikii! Sisi tulidhani unaimba, kumbe unafukuza ndege shambani! Toka unitukane, mtani! Nimesafiri na besi kwenye gari, nina gauti, nimekuja kutukanwa!"

Sauti yake ilikatika pale mwisho. Hata mimi na masikio haya nimesikia.

Mama Chisenga amekuja mlangoni na bakuli la maharage. "Mjibu," amesema. Basi. Mjibu.

Najua anachotaka. Neno moja tu la panya, hata la kunong'ona, kila mtu atapumua. Chisenga atachukua mfuko wake. Tutapanda gari wote, nitapiga gitaa langu, mwanangu ataimba, nyimbo zitatoka, na mimi nitacheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Ninalo neno lenyewe. Zuri sana, la mkia na mlango wa gari. Nilikuwa nalo mdomoni nikielekea dirishani.

Nimefungua dirisha. Amezeeka, Zebron, kwenye jua lile. Alishaanza kutabasamu.

Nikasema, "Karibu, Mzee Jere."

Watoto wakanyamaza wa kwanza. Halafu yule mzee wa nyumba ya pili akarudi ndani. Zebron akaangalia chini, akavua kofia, taratibu, kama mtu aliyefika msibani akakuta wameshatangulia makaburini.

Nimerudi mezani. Mama Chisenga ananiuliza kutoka mlangoni, umesema ndiyo au umesema hapana? Mlango wa chumba cha nyuma umefunguka. Sijageuka. Kwenye dirisha bado namwona, kofia mkononi, hajui kama nimemkaribisha aingie au nimeukata utani wetu —